Maji ya Wageni Kwenye Jedwali la Pili

Uvumilivu wangu uliisha siku ya Jumanne, saa nne asubuhi, pale Daktari aliponimiminia maji ya chupa kwenye glasi na kusema, "Kunywa kwanza, mama, upoe."

Sikunywa. Nilifungua kabati la ofisi, nikatoa chupa moja tupu ya sampuli, zile za plastiki nyeupe, nikayamimina yale maji humo mpaka shingoni, nikafunga kifuniko. Nikabandika lebo. Nikaandika kwa kalamu isiyofutika: Njiro, nyumba namba moja. Nikaiweka juu ya mswada wake.

"Hiyo nini?" akauliza.

"Sampuli. Nimekuja nyumbani kwako, nimeuliza mnakunywa maji gani, nimepewa haya. Ongeza mstari kwenye Jedwali la Pili, useme bomba la Njiro linatoa maji ya dukani."

Aliigeuza ile chupa, akasoma lebo. Akasema nimesahau kuandika tarehe.

Nikaandika tarehe. Baada ya hapo nilimwambia maneno ambayo mwajiriwa hamwambii mwajiri wake, na niliyasema kwa sauti iliyomfanya mkewe aliyekuwa jikoni azime redio ili asikie vizuri.

Nieleze tangu mwanzo, maana hasira ya mwanamke isipoelezwa watu husema ana matatizo nyumbani.

Nilikuwa na kidato cha nne, cheti cha kupiga chapa, mtoto wa kike wa miaka mitano, na mume aliyekuwa machimboni Mererani, ambaye alikuwa anakaribia kupata jiwe tangu tulipooana. Ofisi ya umma niliyokuwa nikifanya kazi ilipunguza watu, nikapunguzwa. Ilikuwa miaka ile ya ruksa. Kila mtu alikuwa ameruhusiwa kufanya analotaka, na sisi wengine tuliruhusiwa kwenda nyumbani.

Ndipo nikapata kazi kwa Daktari. Hakuwa daktari wa sindano. Alisomea mazingira, nchi za nje, akarudi na kufungua ofisi yake mwenyewe kwenye chumba cha nyuma cha nyumba yake Njiro, ndani ya geti. Mradi mmoja wa maji ulimpa kompyuta, printa, na kazi ya kuchunguza maji ya kisima kirefu kilichochimbwa kijijini, upande wa Nduruma. Mimi nilikuwa napiga chapa, napika chai, napokea simu, na tukienda kijijini nabeba chupa.

Kijiji chenyewe kilikuwa kijiji cha mume wangu. Daktari alisema hiyo ni bahati nzuri.

Watu wa Arusha hawahitaji kuelezwa habari ya floraidi, lakini wengine nawaeleza. Maji mengi yanayotoka chini ya Mlima Meru yana madini hayo. Yakizidi, mtoto huota meno ya rangi ya kahawia, na yakizidi zaidi mifupa hupinda. Unaweza kusugua mpaka ufizi utoke damu, rangi haiondoki. Mimi ninayo meno hayo. Kwenye picha ya harusi yangu nimefumba mdomo kama mtu aliyepewa hukumu. Daktari alikuwa mtu wa Kilimanjaro, alikua akinywa maji ya mlima mwingine, na alicheka kwa meno yote.

Kijiji kilikuwa kinasubiri kitu kimoja. Mradi ulikuwa unafikiria kuvuta bomba kutoka chemchemi ya juu, karibu na msitu, ambayo maji yake hayana tatizo. Lakini bomba ni kazi kubwa, na kisima kilikuwa tayari kimechimbwa. Kwa hiyo wakasema: utafiti ukionyesha maji ya kisima ni salama, bomba halina haja. Utafiti huo ndio uliokuwa mswada wa Daktari. Yeye alitaka uchapishwe kwenye jarida la mazingira la nje ili apate jina na kazi nyingine. Mradi nao ulitaka karatasi ya kuonyesha. Mimi mwanangu alikuwa anaishi kijijini hapo kwa mama mkwe, kwa sababu chumba changu cha mjini kilikuwa kimoja na hakukuwa na wa kumwangalia nikiwa kazini.

Mswada ule niliupiga chapa mara nne. Jarida lilikuwa na karatasi yake ya maelekezo kwa waandishi, na Daktari aliibandika ukutani juu ya kompyuta, mahali ambapo watu wengine huweka kalenda. Nafasi mbili kati ya mistari. Upande mmoja tu wa karatasi. Majedwali kila moja kwenye ukurasa wake. Nakala tatu. Rasimu ya pili ililiwa na mgao wa umeme nikiwa kwenye neno la mwisho kabisa, nikaianza upya. Kwa hiyo naujua mswada ule kuliko mwenyewe. Aya ya tatu ya utangulizi ilisema kwamba meno ya ukubwani hujengwa ndani ya ufizi mtoto akiwa bado mdogo, moja baada ya jingine, na wakati huo ndipo doa huingia. Mara ya kwanza kuipiga chapa aya hiyo niliona tu koma zilizopotea. Mara ya tatu nilikuwa nahesabu umri wa mwanangu kwa vidole.

Sasa, chupa.

Tulikwenda kuzijaza wakati wa kiangazi, kwa gari la mradi, jeupe, refu, lenye antena ya redio inayoyumba. Kwanza tulikwenda kisimani kwenyewe. Pampu ilikuwa imefungwa kwa kufuli na mwenye ufunguo alikuwa amekwenda msibani nao. Daktari akasema si neno, maji ya kisima si ndiyo yaliyomo majumbani? Na kwa kweli mpango wake ulikuwa huo huo: kupima maji kwenye chombo ambacho familia inachota ya kunywa. Akasema yeye mwanaume akiingia kila nyumba ataleta wasiwasi, basi niingie mimi, yeye aandike namba akiwa garini.

Niliingia. Nilikuwa nimevaa sketi ya mtumba iliyopigwa pasi, na viatu vya kufunika. Kila nyumba hodi, karibu, shikamoo, marahaba, kaa hapo kwenye kiti. Nasema kama nilivyofundishwa: "Naomba maji mnayokunywa hapa nyumbani, kidogo tu, ni ya kupima." Mama mwenye nyumba anaingia ndani na kutoka na jagi lenye kifuniko, juu yake kitambaa cha kufuma. Nashukuru. Najaza chupa. Nabandika lebo.

Kwa mama mkwe nilifanya vivyo hivyo. Naye alitoka na jagi na kitambaa.

Hapo ndipo kosa langu lilipo na silifichi. Mimi ni mke wa nyumba ile. Toka lini mke wa nyumba akaletewa jagi? Nilipaswa kushtuka. Lakini nilikuwa na chupa mkononi na lebo mdomoni, na Daktari alikuwa anapiga honi.

Majibu ya maabara yalipokuja, Daktari alifurahi mpaka akanipa nusu siku ya kupumzika. Floraidi kidogo, nyumba zote. Tena namba zilifanana ajabu. Aliandika sentensi nzima kusifu jinsi zinavyokubaliana. "Umechukua sampuli vizuri sana, mama," akaniambia. "Data safi. Sijawahi kuona data safi namna hii." Nikajisikia mtu.

Jumamosi moja, rasimu ya tatu ikiwa mezani, nilikwenda kumwona mtoto. Safari hii sikuwa na gari. Nilishuka barabarani nikatembea, kanga na malapa, vumbi mpaka magotini. Mama mkwe alikuwa anachambua maharage.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mbona umekonda hivyo, huko Njiro hawali?"

"Wanakula. Naomba maji, mama."

"Si hayo hapo kwenye ndoo. Umeota mizizi?"

Ndoo ilikuwa jikoni, pembeni mwa mafiga, na kikombe cha bati kikielea ndani. Nikachota, nikanywa. Maji yalikuwa na utelezi, na ladha kama sufuria iliyopikiwa magadi ikasuuzwa mara moja. Nikarudia kunywa ili nihakikishe.

"Mama, haya ndiyo mnayokunywa?"

"Kwani ulitaka soda?"

"Na yale uliyonipa siku ile nilipokuja na chupa?"

"Yale ni ya wageni."

"Mama, mimi si mgeni."

"Siku ile ulikuja na gari."

"La mradi."

"Lina antena," akasema mama mkwe. "Mtu amekuja na antena mpaka mlangoni, nimpe maji ya ndoo? Watu wangesema mama yake mumeo hana adabu."

Nikakaa chini. Akanieleza huku anaendelea na maharage yake, kama mtu anayemweleza mtoto mahali chumvi inapokaa. Maji ya kisima yakipikiwa chai, chai inakuwa nyeusi kama rangi ya viatu, na maziwa hayasaidii kitu. Huwezi kumpa mgeni chai hiyo. Kwa hiyo kila nyumba inaweka dumu la maji ya chemchemi chini ya kitanda, kwa ajili ya mchungaji, balozi wa nyumba kumi, wakwe, na yeyote mwenye viatu vya kufunika. Ni nusu siku kwenda na kurudi na punda.

"Kwa hiyo nyumba zote siku ile..."

"Zote. Balozi alitangaza kwamba mnakuja. Tukakubaliana kwenye kikundi cha akina mama, kijiji kisiaibike. Wasiokuwa nayo waliazima. Dumu langu mimi liligawiwa nyumba sita, na hakuna aliyenirudishia hata kikombe." Akatupa jiwe alilolitoa kwenye maharage. "Kwani majibu yalikuwaje?"

"Mazuri sana."

"Unaona."

Mwanangu alikuwa amesimama mlangoni, anasukuma jino la mbele kwa ulimi. Lilikuwa limeanza kucheza. Nikauliza swali ambalo jibu lake nilikuwa nalijua.

"Na huyu anakunywa yapi, mama?"

Mama mkwe akainua uso, akanishangaa kweli.

"Mtoto ni mgeni?"

Jumatatu asubuhi nilimweleza Daktari kabla hajavua koti. Nilimweleza yote: jagi, dumu, chai, balozi. Nilimwambia namba zinakubaliana kwa sababu nyumba sita ni dumu moja. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa.

"Nani mwingine anajua jambo hili?"

"Kijiji kizima."

Akatembea mpaka dirishani na kurudi. Sitaki kumsingizia. Niliona uso wake, alielewa mara moja, vizuri kuliko hata mimi nilivyoelewa. Ndiyo maana sikumsamehe.

"Mama," akasema, "kurudia sampuli ni kungoja kiangazi kingine. Gari wameshalichukua. Na kwenye kikao cha mradi nimeshatoa matokeo."

"Basi andika sentensi moja tu. Kwenye sehemu ya mbinu. Sema maji yaliyopimwa ni ya wageni."

"Nikiandika hivyo, wahakiki wataikataa makala yote."

"Si waikatae?"

"Wewe hujui mambo ya jarida. Hili unalosema ni jambo la desturi, si la kisayansi. Jarida halichapishi chai." Kisha akasema, "Tutaona," na tutaona ya Daktari nilikuwa naijua, ndiyo aliyonipa nilipoomba likizo.

Sikungoja aone. Rasimu ya tatu nilipoichapa kwenye printa ili aisahihishe, niliingiza ile sentensi mwenyewe, ukurasa wa tano, mstari wake peke yake. Jumanne asubuhi karatasi zikarudi mezani kwangu. Koma alizirekebisha zote. Sentensi yangu ilikatwa kwa kalamu nyekundu, mstari ulionyooka kama umepigwa kwa rula, na pembeni ameandika: Si lazima. Nafasi haitoshi.

Nikafungua ukurasa wa shukrani. Shukrani zilikuwa na mistari saba. Alimshukuru mkewe kwa uvumilivu, dereva kwa uangalifu, maabara kwa wepesi, na akina mama wa kijiji kwa ukarimu wao. Nilisoma neno ukarimu mara mbili.

Nikaenda na karatasi zote mbili mpaka mezani kwake, nikaziweka sambamba. Nikamwambia, kama nafasi haitoshi, toa mkeo.

Akacheka kidogo. Akasema, kwa upole, kwamba amenielewa. Kama ninachotaka ni jina langu, ataliweka kwenye shukrani, hata kabla ya dereva. Kisha akafungua ile chupa ya maji ya dukani, yaliyokuwa mageni mjini wakati huo, watu wakiyanunua kama soda, akanimiminia glasi. "Kunywa kwanza, mama, upoe."

Mengine mmeshasoma.

Nilipomaliza kusema, na mkewe alipofungua tena redio, Daktari alinyoosha tai. Akaniagiza nichape nakala tatu safi na kuzipeleka posta siku hiyo hiyo. Akaongeza kwamba kesho naweza kupumzika, na keshokutwa pia, na kwamba atanijulisha. Nikachapa nakala tatu safi. Sikuongeza neno, sikupunguza neno. Nilijua kufungua ukurasa wa tano na kurudisha sentensi yangu, hakuna ambaye angejua mpaka ichapishwe. Lakini mswada ulikuwa wake na jina lilikuwa lake. Kama ni uongo, auseme yeye. Nilichochukua ni ukurasa mmoja tu wa rasimu ya tatu, ule wenye wino mwekundu; kurasa za namna hiyo kwa kawaida nilikuwa nazifungia vitumbua.

Kutoka Njiro nikaenda mjini, kwa mwenzangu tuliyepunguzwa naye siku moja. Alikuwa amefungua kijiofisi cha kupiga chapa karibu na soko, taipureta mbili na kiti cha wateja.

"Naomba taipureta moja. Naandika malalamiko dhidi ya bosi."

"Unayapeleka polisi?"

"Kwa mhariri."

"Mhariri ndiye nani?"

"Mzungu mmoja wa jarida, yuko nje. Ndiye anayeamua kipi kichapishwe."

"Anakujua?"

"Hanijui."

"Ukoo wako je?"

"We nipe karatasi."

Akanipa, akavuta kiti kuja kusoma begani kwangu. Kiingereza changu kilikuwa cha kupiga chapa. Maneno marefu nayajua yote, yananisumbua yale mafupi. Yeye ndiye aliyenisaidia mafupi. Alipofika kwenye habari ya mtoto akaenda kumwambia mteja aliyekuwa anasubiri barua ya posa kwamba arudi kesho.

Posta, karani alipima bahasha zote mbili za khaki kwenye mizani, ya Daktari nzito na yangu nyepesi. Akasoma anwani.

"Zinakwenda kwa mtu mmoja hizi. Si ungeziweka pamoja?"

"Haziongei," nikasema.

Akazipiga mihuri, akanipa risiti mbili za rejista, akazitupa kwenye gunia moja. Nakala ya mradi niliipeleka mwenyewe ofisini kwao.

Nakala yangu ninayo mpaka leo. Hii ndiyo barua yenyewe, nimeirudisha kwenye Kiswahili.

Kwa Mhariri,

YAH: MALALAMIKO KUHUSU MSWADA ULIOTUMWA KWAKO LEO KATIKA BAHASHA NYINGINE

Kichwa cha habari hapo juu chahusika.

Mimi ndiye niliyejaza chupa zilizomo kwenye Jedwali la Pili, na ndiye niliyepiga chapa mswada wote. Nalalamika kwamba jedwali hilo si la kweli.

Maji yaliyopimwa hayakutoka kisimani. Ni maji ya chemchemi ambayo akina mama wa kijiji huwawekea wageni, kwa sababu ya kisima huharibu chai. Mimi nilikwenda na gari, nikapewa ya wageni. Nyumba sita ni dumu moja. Ndiyo maana namba zinafanana. Maji wanayokunywa wenyewe yako kwenye ndoo, jikoni, na hakuna aliyeyapima.

Kuchukua maji yasiyo yenyewe ni kosa langu na nalikubali. Mwandishi alielezwa kosa hilo Jumatatu, kabla ya kutuma. Naambatanisha ukurasa wa tano wa rasimu ya tatu. Sentensi iliyokatwa ni yangu. Wino mwekundu ni wake.

Naomba msichapishe mpaka chupa zijazwe upya kutoka kwenye ndoo. Nitazijaza mimi, kwa miguu, bila gari. Kama mmeamua kuchapisha, basi chapisheni na sentensi hiyo. Ni mstari mmoja. Kama nafasi haitoshi, kwenye shukrani kuna mistari saba. Nakala ya barua hii nimeipeleka kwa mradi, ambao unasubiri makala yenu ili uache kujenga bomba.

Maelekezo yenu yanataka nakala tatu, nafasi mbili, upande mmoja wa karatasi. Nimefuata.

Ni haki mjue kwamba nina maslahi katika jambo hili. Mtoto wangu ana miaka mitano na anakunywa ya ndoo. Jino lake la mbele limeanza kulegea. Kwa mujibu wa aya ya tatu ya mswada, ambayo ni ya kweli, hilo linalokuja chini yake huenda limeshaingia doa. Ya nyuma bado yanajengwa.